Bei huulizwa kwa simu, sababu ya bei hufuatwa Mpale

Msimu wa mavuno unapokaribia, wafanyabiashara wengi wa nafaka jijini Dar es Salaam huanza kazi kwa simu. Dalali wa Korogwe huulizwa debe la maharage ni kiasi gani, wa Handeni huulizwa gunia la mahindi, hesabu ikapigwa juu ya kipande cha karatasi na fedha zikatumwa. Wiki mbili baadaye mzigo umekwama mlimani kwa mvua, au umefika ukiwa na unyevu, au bei ya mjini imeporomoka kwa kuwa mikoa mingine nayo imevuna. Mtaji wa mwaka mzima huishia hapo.

Dalali hakusema uongo. Aliulizwa bei, akatoa bei. Hakuulizwa barabara ikoje, wakulima wamebakiza nini ghalani, wala nani mwingine amekwisha kutia mguu kijijini. Maswali hayo hayajibiwi vizuri kwa simu. Hujibiwa na macho, na tumbo, na wazee wanaokumbuka.

Kwa sababu hiyo, safari ya mume na mke kwenda kula, kusikiliza historia na kutazama uchumi wa mahali isihesabiwe kuwa ni anasa ya wenye nacho. Kwa mfanyabiashara mdogo na mwekezaji mdogo, hiyo ni sehemu ya mtaji. Na kwa mwenye kutafuta mahali pa kuanzia, njia ya kutoka Segera kwenda Korogwe, kupanda Mpale na kurudi kupitia Handeni, ni darasa ambalo nauli yake hurudi.

MFANO WA WENYE FEDHA

Wakubwa wa masoko ya fedha wamekwisha kulijua jambo hili. Mmarekani Jim Rogers, aliyekuwa mshirika wa George Soros katika kuanzisha mfuko wa Quantum, aliondoka Iceland Januari 1, 1999 pamoja na mchumba wake Paige Parker ndani ya gari la njano aina ya Mercedes. Walifunga ndoa Uingereza Januari 1, 2000, wakiwa bado safarini, na kufika New York Januari 2002 baada ya kupita nchi 116. Walikula barabarani, wakavuka mipaka kwa gari, wakaona foleni za forodha na maduka ya kubadilishia fedha.

Rogers alikuwa ameanzisha faharisi yake ya bei za bidhaa mwaka 1998, wakati ambapo mafuta, metali na mazao yalikuwa yamedharauliwa na wengi waliokimbilia hisa za kompyuta. Miaka iliyofuata bei za bidhaa hizo zilipanda sana. Si kila alichotabiri kilitokea, wala hakuna msafiri ambaye hakosei. Lakini alikuwa na kitu ambacho msomaji wa magazeti peke yake hana: alikuwa ameona.

Wenye duka Kariakoo hawana miaka mitatu ya kuzunguka dunia. Wana siku tatu au nne. Siku hizo zinatosha kwa wilaya mbili.

BARABARA NI TAARIFA YA KWANZA

Safari huanza kusomwa Segera, njia panda ambapo magari ya Tanga huachana na ya Moshi na Arusha. Mwenye hisa za Saruji Tanga, kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002, akae hapo saa moja ahesabu malori ya saruji yanayotoka Pongwe na kutazama yanaelekea wapi. Mwenye biashara ya matunda atazame machungwa: yako kwenye magunia kando ya barabara yakisubiri mnunuzi, au yamekwisha kununuliwa yangali mtini? Machungwa yanayokaa siku tatu barabarani yanasema jambo moja. Malori yanayotafuta machungwa na kuyakosa yanasema jingine.

Korogwe yenyewe ni mji uliokuzwa na njia. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporejea Desemba 2019, baada ya kimya cha miaka mingi, stesheni zilizokuwa zimeota majani zilipata tena wauza mayai, wauza ndizi na wabeba mizigo. Mwenye macho ya biashara hakuhitaji ripoti ya wizara kujua kilichotokea.

SAHANI YA MPALE

Mpale ni kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe. Ukitoka bondeni kwenye joto na mashamba ya mkonge, unapanda katika Milima ya Usambara, na chakula kinabadilika pamoja na hewa. Bondeni na kuelekea pwani, bada la muhogo na samaki. Juu, ndizi, maharage na makande. Mabadiliko hayo ya sahani ndiyo taarifa ya soko iliyo sahihi kuliko zote, kwa kuwa watu hula kwanza walichonacho kwa wingi, na huuza wanachoweza kukiacha.

Ndiyo maana mume na mke wakifika wasikimbilie mizani. Wakae kwenye mgahawa, waagize makande, wahesabu. Maharage ni mengi kuliko mahindi? Basi mahindi yamepungua na pengine yatapandishwa mlimani kutoka bondeni. Mahindi ni mengi na maharage ya kutafuta kwa kijiko? Basi maharage yamekwisha kushushwa, na anayetaka kuyanunua sasa amechelewa. Atauziwa mbegu ya mtu. Mama mwenye mgahawa ananunua kila siku, kwa kibaba na kwa pishi, na hakuna dalali anayejua bei ya jana na ya juzi kama yeye.

Kuna sababu pia ya kwenda wawili. Mwanamume aliyekuja peke yake na daftari huonekana mlanguzi, na mlanguzi huuziwa maneno barazani. Mgeni aliyekuja na mkewe hukaribishwa ndani. Mume akikaa na wazee, akaanza kwa salamu ya Kishambaa, "onga makeo", kabla ya kutaja gunia, ataelezwa habari za njia, mvua na mashamba. Mke akiwa jikoni na akina mama ataelezwa yale ambayo wazee hawatayasema mbele ya mgeni: nani ameuza mahindi mapema ili alipe ada ya shule, nani anadaiwa na mwenye lori, ghala gani limeingia wadudu. Usiku wakiunganisha maelezo mawili, wanapata hesabu moja. Na kwa kuwa fedha itakayowekwa hapo ni ya nyumba moja, ni haki wote wawili wawe wameiona hatari kwa macho yao.

Mpale ina somo jingine. Kampuni ya Kitanzania ya Ensol ilijenga kijijini hapo mtambo mdogo wa umeme wa jua wa kilowati 48, kwa watu ambao nguzo za umeme wa taifa zilikuwa mbali nao. Mtazamaji wa kawaida huona taa. Mfanyabiashara hutazama taa imeleta nini: jokofu la soda, kinyozi, kuchaji simu, na duka linalofungwa usiku badala ya magharibi. Palipo na jokofu pana mteja wa vinywaji. Anayeuza bidhaa za jumla Korogwe akiliona hilo mwaka mmoja kabla ya mwenzake, amepata mteja wa mwaka mmoja.

HISTORIA INA HESABU ZAKE

Wako wanaoona historia kuwa ni kazi ya walimu. Lakini biashara ya milima hii na nyika inayoizunguka ina simulizi lake, nalo ni la mtu mmoja aliyebadilishana chakula.

Mbegha, ambaye simulizi za Wakilindi humtaja kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Usambara, alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu, nchi ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi Kilindi ilipotengwa mwaka 2002. Alikimbia kwao, akapanda milimani na nyama ya nguruwe mwitu na wanyama wengine. Watu wa mlimani walikuwa na mazao ya shamba na uhaba wa nyama. Yeye alikuwa na nyama bila shamba. Wakabadilishana. Kutokana na ukarimu huo wa nyama, na sifa ya kuua simba, wakamfanya mtawala, na Vuga ikawa makao ya ufalme. Ukiondoa mapambo yote, simulizi hili linasema kwamba nguvu ilitoka kwa yule aliyepeleka bidhaa ya nyika mahali palipo na upungufu wake.

Karne iliyofuata ikaleta somo la pili. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, juu mlimani, kwa nguvu ya kodi na mvua. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikuwa amejiweka Mazinde, chini bondeni, kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu. Misafara ilileta bunduki na baruti. Semboja akamwondoa Vuga mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu, aliyekuwa amerithi kiti. Hakuwa na mlima mkubwa zaidi. Alikuwa na njia. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, aliyaeleza mambo hayo kwa Kiswahili akiwa ameishi karibu na watu hao.

Mazinde ipo hadi leo, katika Wilaya ya Korogwe, na barabara kuu inapita hapo. Mfanyabiashara anayepita na kusimuliwa habari hizi hataacha kujiuliza: katika biashara yangu, mimi niko Vuga au niko Mazinde? Nina mazao yasiyo na njia, au nina njia ya kupitishia mazao ya wengine?

NJAA YA HANDENI NI SOMO LA GHALA

Ukishuka kutoka milimani na kuelekea Handeni, barabara ya lami inakupitisha katika nchi ya Wazigua. Hapa mvua ni ya bahati nasibu. Mwaka mmoja mahindi hukosa pa kuwekwa, mwaka unaofuata hukosa pa kununuliwa. Wazee bado wana majina ya njaa kama wengine walivyo na majina ya wafalme. Njaa ya miaka ya 1894 hadi 1896 inakumbukwa kwa jina la Kidyakingo, kwa kuwa watu walifikia kula ngozi.

Kabla ya hapo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, njaa iliwasukuma Wazigua wengi pwani, ambako walichukuliwa wakapelekwa Somalia kuwa watumwa. Vizazi vyao vilihifadhi lugha ya Kizigua huko kwa zaidi ya miaka mia moja. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi walikimbilia Tanzania, na baadaye wakapewa makazi Chogo, katika Wilaya hiyo hiyo ya Handeni, na wengi wakapata uraia. Wachache ni wasafiri wanaojua kwamba karibu na barabara wanayopita pana watu waliorudi nyumbani baada ya karne na nusu kwa sababu ya magunia ya mahindi yaliyokosekana.

Hili si jambo la machozi tu. Ni hesabu inayoendelea kila mwaka kwa kiasi kidogo. Mkulima wa Handeni anayeuza mahindi mwezi wa mavuno kwa sababu hana ghala wala fedha ya daftari za watoto, huyanunua tena miezi michache baadaye kwa bei ya mjini. Faida yote ya katikati ni ya aliyekuwa na paa na maturubai. Wako wanaoita hiyo ulanguzi. Lakini kumtukana mlanguzi hakujengi ghala. Wafanyabiashara wadogo watano au sita wakiungana na wakulima, wakakodi ghala lililo kavu, wakampa mkulima sehemu ya fedha kwanza na iliyobaki baada ya kuuza, faida itagawanyika na mkulima hatakuwa mteja wa njaa yake mwenyewe. Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2005. Mlango upo, unahitaji watu wa kuupita.

Jambo lingine la kutazama ni kipimo. Lumbesa bado ni jina linalojulikana katika kila soko la mlimani na la nyika. Gunia hamsini, kila moja likiwa limeshindiliwa kilo ishirini za ziada, ni tani moja nzima ambayo mkulima ameitoa bure. Mnunuzi anayechekelea leo akumbuke kwamba mkulima aliyepunjwa ataweka mchanga, au mahindi mabichi, au hatamuuzia tena. Ni vizuri pia kujua kwamba mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa ushuru unapotolewa halmashauri moja kwenda nyingine. Mume na mke wenye gunia tisa ndani ya gari dogo wanapaswa kulijua hilo kabla ya kufika kwenye kizuizi, siyo baada ya kulipa.

MKONGE NA DHAHABU: TAHADHARI

Safari inayoonyesha nafasi huonyesha pia makaburi. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, na inasemwa kuwa ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo nchi ilifikia kuzalisha tani zaidi ya 230,000 mwaka 1964. Zikaja nyuzi za plastiki, ukaja utaifishaji wa mashamba mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Tangu hapo mashamba kama Hale, Magunga, Ngombezi, Mwelya na Magoma yameingiza wakulima wadogo, na bei nzuri imewavutia watu wa mijini kununua vitalu.

Wanaotaka kuingia wapite kwanza kati ya mistari ya mkonge mchana wa jua kali. Watajifunza kwamba mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, kwamba singa hazina thamani bila korona ya kusindika iliyo karibu, na kwamba magugu hayasubiri mwenye shamba aliye Dar es Salaam. Fedha ya ada ya mtoto isipandwe mkonge.

Kuhusu dhahabu, mfano uko Magambazi, huko huko upande wa Handeni. Kampuni ya Canaco Resources ya Kanada ilipotangaza matokeo ya kuchoronga mwaka 2010, hisa zake zilipanda kwa kishindo katika soko la Kanada, kisha zikaporomoka. Wengi wa walionunua kwa bei ya juu hawakuwahi kuiona Handeni. Walinunua karatasi iliyoelezea karatasi nyingine. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, nalo limepita katika wilaya hizi na kuleta maneno mengi ya viwanja na nyumba za kulala wageni. Maneno hayo yapimwe kwa swali moja: wajenzi wakiondoka, nani atalala humo?

GHARAMA NA FAIDA

Watasema wengine kuwa nauli, chakula na malazi ya watu wawili ni fedha ambayo ingeongeza magunia. Ni kweli, nayo ihesabiwe kama gharama ya biashara, iandikwe kitabuni. Lakini iwekwe kando ya hasara ya mzigo mmoja uliooza, au kitalu kimoja kilichonunuliwa mahali pasipo na njia. Watasema pia duka litabaki na nani. Hapo ndipo penye umuhimu wa kuchagua wakati: siku chache baada ya mwisho wa mwezi, biashara ya rejareja inapolala, na wiki tatu kabla ya mavuno, wakati ambapo mahindi yanaonekana shambani lakini bado hayajapata mwenyewe.

Waliokwisha kuwa na desturi hii hawasafiri na mambo mengi. Wana daftari moja lenye safu tatu. Ya kwanza, walichokula na bei yake. Ya pili, walichosimuliwa kuhusu mahali hapo na nani alifaidi au kupata hasara zamani. Ya tatu, walichokiona kikipita barabarani, kikipanda au kikishuka. Safu hizo zikikubaliana, fedha hutoka. Zikipingana, fedha hubaki mfukoni na safari huhesabiwa kuwa imelipa, kwa kuwa hasara iliyoepukwa nayo ni faida.

Mwaka huu watu wengi watapiga simu Korogwe na Handeni kuuliza bei. Wote watapewa bei ile ile kwa siku moja. Tofauti kati yao itakuwa ni nani anajua bei hiyo imetoka wapi na inakwenda wapi. Wahenga walisema kuona ni kuamini. Sokoni, kuona ni nusu ya mtaji, na nusu nyingine ni kuwa na mwenzako wa kukwambia ulichokosa kuona.